Baba anaomba sindano ya kufa, dada anaficha mofini

Tumsifu Yesu Kristo, Sista.

Mimi ni kitinda mimba katika familia ya watoto watatu, nakaa Rombo na wazazi. Baba yetu ana miaka 76. Alikuwa katekista wa kigango chetu tangu sijazaliwa, na vijana wengi wa hapa amewafundisha yeye Komunyo ya kwanza. Mwaka juzi aligundulika na saratani ya tezi dume. Alipoanza kulalamika mgongo tulidhani ni kazi za kihamba, kumbe ugonjwa ulishaingia kwenye mifupa ya mgongo, nyonga na paja la kushoto.

Hospitali walimtibu kwa sindano za homoni, zikasaidia kwa muda, kisha zikagoma. Daktari akatuita akasema zipo dawa nyingine za kutundikiwa, Dar es Salaam, zinazoweza kumwongezea miezi kadhaa, ila kwa hali aliyonayo zitamchosha sana. Baba mwenyewe akasema hapana, nirudisheni nyumbani. Tukarudi naye. Muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, akatupa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kwenye chupa na karatasi ya saa za kunywa.

Vita ilianzia hapo. Dada yangu mkubwa, kiongozi wa sala katika jumuiya yetu, anasema mofini ni dawa ya kulevya, inakata pumzi, na hajaona aliyepewa akamaliza wiki. Anasema Yesu msalabani alikataa divai iliyotiwa manemane, na baba anamalizia toharani yake hapa hapa duniani, tusimkatishe. Akiwa zamu yeye, baba hapewi mpaka apige kelele. Juzi nilikuta chupa ndani ya debe la unga. Na baba siku hizi hapigi kelele, Sista. Anauma pindo la blanketi majirani wasisikie. Limeshachanika lote upande mmoja.

Kaka yetu yuko Canada. Kwenye grupu la familia aliandika kwamba kwao mtu akifika hapo anaomba, daktari anakuja, anaondoka kwa heshima, sisi tunamtesa mzee kwa jina la dini. Halafu akanitumia ujumbe wa pembeni: "Wewe ndiye unashika chupa. Unajua la kufanya." Sijamjibu mpaka leo.

Na baba mwenyewe wiki iliyopita alituambia wote: "Mwombeni daktari anichome sindano nilale moja kwa moja. Mmeshauza ng'ombe wawili." Dada alitoka nje akilia. Mtu aliyetukaririsha amri ya tano, Usiue, ndiye anayesema hivyo.

Ninataka kujua mambo haya. Nikimpa dawa usiku akafa kabla ya asubuhi, nimemuua? Kutompeleka Dar, tumemuua? Na nimjibu nini mzee wangu?

Kitinda mimba, Rombo

*

Milele amina, mwanangu.

Nianze na la haraka. Mpe baba mofini leo, kwa saa zilizoandikwa kwenye karatasi ya muuguzi, usingoje apige kelele. Mazungumzo ya dini yamkute ametulia, naye atayachangia kutuzidi sisi, maana katekista ni yeye.

Swali lako la kwanza lilishaulizwa Roma kabla hujazaliwa. Madaktari wa usingizi wa Italia walitaka kujua kama ni halali kumpa mgonjwa anayekaribia kufa dawa kali ya maumivu, hata kama inaweza kumpunguzia fahamu na kufupisha maisha yake. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio wa XII aliwajibu: ndiyo, kama hakuna njia nyingine, na kama dawa haimzuii mgonjwa kutimiza kwanza wajibu wake wa kidini na wa kimaadili. Hakuna papa aliyelifuta jibu hilo. Limerudiwa katika Tamko la Vatikani juu ya Eutanasia la mwaka 1980, na tena katika barua Evangelium Vitae ya Papa Yohane Paulo II ya mwaka 1995, namba 65. Limo pia katika Katekisimu namba 2279, na hapo hapo tiba shufaa inaitwa upendo wa namna ya pekee, unaopaswa kuhimizwa. Bila shaka mzee anayo Katekisimu mahali fulani pale ndani. Mwombe dada asome kwa sauti, mbele yake, namba 2276 hadi 2279. Ni aya nne tu.

Kanisa linaposema eutanasia, au kifo laini kama wengine wanavyokiita, linazungumzia kitendo, au kuacha kitendo, ambacho kwa chenyewe na kwa kusudi kinaleta kifo ili mateso yaishe. Tazama kusudi lako na tazama kipimo chako. Ukimpa kiasi alichoandikiwa ili mfupa uache kumchoma, unatibu maumivu. Mtu akizidisha makusudi ili pumzi ikate, anaua, hata kama anamimina huku machozi yanamtoka. Chupa ile ile, kijiko kile kile, matendo mawili yaliyo mbali kabisa.

Dada yako nisingependa umdharau, kwa sababu hoja yake imo kweli katika Marko 15:23. Tamko la 1980 lenyewe linaigusa: linasema Mkristo anaweza kwa hiari yake kupunguza dawa za maumivu ili ashiriki mateso ya Kristo akiwa macho. Halafu linaongeza kwamba si busara kuufanya ushujaa huo kuwa sheria ya kila mtu. Kwa hiyo baba akikwambia "leo nipunguzie, Padre anakuja, nataka niwe macho," huo ni uamuzi wake na muuheshimu. Lakini chupa ikifichwa kwenye debe la unga, sadaka hiyo inatolewa na nani? Dada anatolea maumivu ya mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Na mimi sijaona mahali katika Injili ambapo mgonjwa alimlilia Yesu akaambiwa avumilie kwa faida ya toharani.

Hofu yake ya "hawamalizi wiki" naielewa pia. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu walipewa mofini ikiwa imebaki siku chache, watu wakaona chupa inaingia Jumatatu na jeneza linatoka Ijumaa. Lawama ikaangukia chupa. Mgonjwa anayeanzishiwa mapema, kwa kiasi kidogo kinachopandishwa taratibu, anaweza kuitumia miezi mingi huku akila, akicheka na kugombana na wajukuu. Mwambie dada jambo moja zaidi: aliyefanya kazi kubwa ya kuileta mofini ya maji katika nchi zetu ni Mkatoliki, daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, aliyewahi kuwa mtawa wa shirika la Medical Missionaries of Mary. Alifanya kazi Nairobi Hospice, kisha mwaka 1993 akaanzisha huduma ya tiba shufaa ya Hospice Africa Uganda pale Kampala. Dawa yenyewe ni unga wa mofini, maji, kihifadhi, na rangi ili chupa zenye nguvu tofauti zisichanganywe. Hakuna uchawi humo.

Sasa niongee kama muuguzi. Mofini hiyo ya maji hufanya kazi kwa muda wa kama saa nne, ndiyo maana karatasi yako huenda inasema saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na ile ya usiku mara nyingi huandikwa kwa kipimo maradufu ili mzee alale bila kuamshwa. Ukingoja maumivu yapande ndipo umpe, utahitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha, na ndipo unapomwona amelewa usingizi, dada naye anapata ushahidi wake. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na pengine atachefuka. Kwa kawaida hupita. Kufunga choo hakupiti, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo aende nayo sambamba kila siku. Uteja ambao dada anauogopa ni nadra kwa mtu anayetibiwa maumivu ya saratani. Ila msiikatishe ghafla, mwili utamsumbua. Na mpigie muuguzi mara moja ukiona mkojo umepungua sana, misuli inarukaruka, au usingizi wake hauamshiki. Miguu ikianza kulegea au mkojo ukagoma kutoka, usingoje kesho: saratani ya mifupa ya mgongo inaweza kubana uti wa mgongo, na hiyo ni dharura hata kwa mgonjwa anayetunzwa nyumbani.

Kuhusu Dar, hamkumuua. Katekisimu namba 2278 inasema ni halali kuacha matibabu yaliyo mzigo mkubwa, ya hatari, au ambayo faida yake haiendani na usumbufu wake. Hapo hamtafuti kifo, mnakubali tu kwamba hamwezi kukizuia. Na mwenye haki ya kuamua ni mgonjwa mwenyewe akiwa na akili zake. Baba aliamua. Mkumbuke Yohane Paulo II, ambaye mzee wako bila shaka anamheshimu: mwaka 2005 alitobolewa koo ili apumue, mwishoni mwa Machi akawekewa mpira wa chakula puani, lakini hali ilipoharibika hakurudishwa tena hospitalini. Alibaki chumbani kwake Vatikani, akafa usiku wa tarehe 2 Aprili. Hakuna aliyesema papa alijiua.

Kuna jambo ambalo lakini ningemuuliza daktari. Mionzi kwenye mfupa unaouma, pengine mara moja tu, inaweza kupunguza maumivu kwa wiki au miezi. Hiyo haikusudii kuponya saratani, kazi yake ni kutuliza. Inapatikana hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Kama safari atakufa nayo njiani, achaneni nayo. Kama bado anaweza kukaa kwenye gari, baba ajulishwe kwamba kukataa zile dawa za kutundikiwa hakukufunga mlango huu.

Chakula hujaniuliza, ila najua nyumba zetu. Maji na chakula ni haki yake, Kanisa halina mzaha hapo, anapewa maadamu mwili unavipokea na vinamsaidia. Ikifika siku hataki zaidi ya vijiko viwili vya uji, vijiko viwili vinatosha. Msimkabe. Anayekufa hali kwa sababu anakufa. Hafi kwa sababu dada amekosa bidii ya kumlisha.

Kaka yako. Canada iliruhusu daktari kumpa mgonjwa kifo alichoomba kuanzia Juni 2016, na mwaka 2021 sheria ikapanuliwa hata kwa watu ambao kifo chao hakijakaribia. Mtu anayeishi humo miaka yote hiyo anaanza kuiona kama huduma nyingine yoyote ya hospitali. Simwoni kuwa mkatili. Namwona mtoto aliye mbali, anayesikia kwenye simu baba yake anateseka, na kitu pekee alichobakiwa nacho ni maoni. Lakini ule ujumbe wa pembeni usiuache hewani. Kukaa kimya kwako anaweza kukusoma kuwa unafikiria, na kwetu kumsaidia mtu kufa ni kosa la jinai, kando na dhambi. Mwandikie waziwazi: "Kaka, hilo sitafanya. Maumivu yanatulizwa, na ninahitaji msaada wako." Kisha mpe kazi. Alipe mtu wa kukesha usiku mara mbili kwa wiki ili na wewe ulale. Alipie godoro la kuzuia vidonda, pampasi, nauli ya muuguzi. Na ampigie baba kwa video saa moja jioni, dozi ya saa 12 ikiwa imeshashika. Kwake itakuwa bado mchana au asubuhi. Amwone akiongea.

Nimefika kwa mzee, na hapa ndipo barua yako ilinishika. Rudia alichosema. Ameomba sindano, halafu bila kupumua akataja ng'ombe. Huyo ni baba anayepiga hesabu ya kihamba akiwa kitandani, anaona kila siku anayoishi mnalipia ninyi. Tamko la 1980 linasema maombi ya kifo kutoka kwa wagonjwa wazito karibu siku zote ni kilio cha kuomba msaada na upendo, na kwa miaka yangu wodini naweza kusaini chini ya sentensi hiyo.

Kwa hiyo usimkimbilie na "baba usiseme hivyo, ni dhambi." Anajua. Aliwafundisha. Mpe dawa kwa saa zake siku tatu au nne, ndipo ukae naye, ikiwezekana wewe peke yako, umuulize: "Baba, siku ile ulisema uchomwe sindano. Ni maumivu, au kuna jingine?" Ukishauliza nyamaza. Hata kama atachukua dakika kumi kuangalia dari, nyamaza.

Kama ni fedha, mletee hesabu kweli kweli: tumetumia hiki, kimebaki hiki, hatuuzi tena ng'ombe, huduma ya nyumbani haina gharama ile aliyoiona hospitali. Mzee wa Kichaga akionyeshwa kwamba kihamba kiko salama, mabega yanashuka. Aandike wosia kama hajaandika, ataje anaowadai na wanaomdai.

Kama ni aibu, nakuuliza: nani anamwogesha? Usinijibu mimi. Kama ni dada, au hata wewe ukiwa binti (barua yako haisemi), fikirini upya. Kuna wazee wanaoona afadhali wafe kuliko mtoto wa kike awavue nguo, na hawatasema hata ukiwakata ulimi. Mtafuteni mpwa wa kiume, au katekista mwenzake wa zamani, aje asubuhi na beseni. Nimeona ombi la kifo likiisha kwa mabadiliko madogo kama hayo, bila mahubiri.

Na kama maumivu yametulia, hesabu zimeeleweka, aibu imeondolewa, lakini bado hataki kuona mtu, halali, hafurahii hata redio, mwambieni muuguzi. Hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ina dawa hata kwa mtu aliyebakiza muda mfupi.

Mwiteni Paroko sasa. Mpako wa Wagonjwa hausubiri roho iwe kooni, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishasema hivyo, na unaweza kurudiwa ugonjwa ukizidi. Mpangieni Padre saa ambayo baba hana maumivu na hajazama usingizini. Kwa wengi ni saa moja hivi baada ya dozi ya asubuhi. Aungame, apokee Komunyo, aseme anayotaka kusema kwa kila mmoja wenu. Ule wajibu aliouweka Pio wa XII kama sharti unatimizwa hapo. Siku zikiwa chache kabisa, apelekewe Komunyo ya njiani. Wakija wanajumuiya kusali, wasali kwa zamu na kwa sauti ya chini. Kuna wagonjwa wetu ambao kitu cha mwisho walichokisikia duniani ni ngoma.

Sasa usiku unaouogopa. Mtu anayekunywa dawa mara tano kwa siku, vyovyote vile atakufa muda si mrefu baada ya mojawapo. Huenda ukawa umeishika wewe, huenda dada. Ugonjwa wa baba ndio utakaomuua. Dozi ya saa 4 usiku itakuwa imemkuta njiani. Kama ulimpa kiasi kilichoandikwa, kwa ajili ya maumivu, huna la kuungama hapo, na Padre yeyote ukimpelekea neno hilo kwenye kitubio atakwambia nenda kapumzike. Siku za mwisho pumzi yake itabadilika, itasimama na kuanza tena, koo litakoroma. Hiyo huja kwa wanaokunywa mofini na kwa wasiokunywa. Akishindwa kumeza, muuguzi ataonyesha namna ya kumdondoshea kidogo kidogo ndani ya shavu. Usibuni mwenyewe.

Nunua daftari la kurasa chache. Kila dozi iandikwe saa, kiasi, na jina la aliyempa, pamoja na baba alivyosema anajisikia. Dada apewe zamu yake humo humo, na asiachwe pembeni, kwa sababu akiona kwa macho yake baba anakunywa saa 12 na saa 1 anaomba rozari, hatahitaji barua yangu. Chupa ikae mahali pa kufungwa, mbali na watoto. Na mnapofika robo ya chupa mpigieni muuguzi, msingoje iishe: mofini haiuzwi duka la dawa la jirani, na siku mbili bila dawa zitamrudisha mzee kwenye lile blanketi.